Nani Alitangulia Kwenye Mzoga? Uchambuzi wa Kisa cha Mifupa ya FLK Zinj, Olduvai

Kaskazini mwa Tanzania, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro na pembeni mwa tambarare za Serengeti, kuna Bonde la Olduvai, ambalo kwa Kimaasai huitwa Oldupai. Katika mojawapo ya makorongo yake, linalojulikana kwa herufi FLK, yaani Frida Leakey Korongo, mwanaakiolojia Mary Leakey aliona tarehe 17 Julai 1959 vipande vya fuvu vilivyokuwa vimeanza kufunuliwa na mmomonyoko wa udongo. Fuvu hilo, lililosajiliwa kwa namba OH 5 na kupewa jina Zinjanthropus boisei (siku hizi wataalamu wengi huliita Paranthropus boisei), lilitangazwa dunia nzima, na hadi leo ndilo linalotajwa kwanza Olduvai inapozungumzwa; kutokana na jina hilo mahali lilipopatikana huitwa FLK Zinj. Uchambuzi huu unaliweka fuvu kando na kushughulikia vile vilivyolizunguka: maelfu ya vipande vya mifupa ya wanyama ambavyo, kwa maoni yangu, vimetufundisha mengi zaidi kuhusu maisha ya zamadamu, yaani mababu wa kale wa binadamu na jamaa zao, kuliko fuvu lenyewe.

Katika miaka ya 1960 na 1961 Mary Leakey na wasaidizi wake walifukua hapo eneo la takriban mita za mraba 290. Walipata zana na vipande vya mawe vipatavyo 2,500, mifupa na meno ya wanyama wakubwa zaidi ya 3,500, na juu ya hivyo chembechembe nyingi mno za mifupa iliyosagika pamoja na mifupa ya wanyama wadogo kama panya. Vyote vilikuwa vimetanda juu ya uso mmoja wa udongo wa kale, kisha vikafunikwa na jivu la volkano ambalo wanajiolojia huliita Tuff IC. Jivu hilo ndilo lililowezesha umri kujulikana. Mwaka 1961 njia ya potasiamu na argoni ilitoa makadirio ya miaka milioni 1.75, umri ambao wakati huo uliwashangaza wengi kwa ukubwa wake. Vipimo vya baadaye, vilivyo makini zaidi, vimeusogeza hadi takriban miaka milioni 1.84.

Wanyama wanaoonekana zaidi katika mkusanyo huo ni wa jamii ya swala. Yumo Kobus sigmoidalis, ndugu wa kale wa kuro. Yumo Parmularius altidens, ndugu wa kongoni. Na yumo Antidorcas recki, swala mdogo wa uwanda wa wazi. Kuna pia nguruwe pori, jamii ya punda milia na wengineo. Mifupa yao mingi imevunjwa vipande vipande, na imelala palepale zilipolala zana za mawe. Hapo ndipo swali la kisa hiki linapoanzia: ni nani aliyeileta mifupa hiyo mahali pamoja, na zamadamu walipofika kwenye mizoga hiyo walikuta nini?

Jibu la kwanza lilionekana kujitokeza lenyewe. Mary Leakey aliuelezea uso ule kuwa sakafu ya makazi, yaani mahali ambapo zamadamu walikaa, wakatengeneza zana na kula nyama. Mwaka 1978 Glynn Isaac alilipanua wazo hilo. Kwa maoni yake, zamadamu wa wakati huo walikuwa na kambi ya nyumbani; wengine walitoka kutafuta nyama, wengine wakatafuta vyakula vya mimea, na wote wakarudi kugawana. Picha hiyo ilipendwa, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba ilifanana sana na familia za watu tunaowajua. Tatizo ni kwamba ushahidi wake mkubwa ulikuwa ukaribu tu wa mawe na mifupa. Vitu viwili kukutwa mahali pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja kilitumika juu ya kingine, hasa kando ya maji, ambako wanyama wanakuja kunywa, wengine wanakufa, na wawindaji wa kila aina wanavizia.

Mwaka 1981 Lewis Binford aliishambulia picha hiyo bila huruma. Alichukua orodha za viungo vya mwili zilizochapishwa na Mary Leakey na kuzilinganisha na viungo vinavyoachwa na wanyama walao nyama katika mabaki ya mawindo yao. Aliona vichwa na mifupa ya miguu ya chini, sehemu zisizo na nyama nyingi, na akahitimisha kwamba zamadamu wa Olduvai walikuwa waokotaji wa mwisho kabisa, waliofika baada ya simba na fisi kushiba na kuambulia uboho kidogo ndani ya mifupa iliyobaki. Hoja yake ilikuwa na faida kubwa, kwa sababu iliwalazimisha watafiti wote waliofuata kueleza wanajuaje wanachodai kujua. Hata hivyo data zake zilikuwa na kasoro ambayo inafaa tuitazame kwa makini, kwa kuwa ndiyo iliyogeuza mkondo wa mjadala.

Mfupa mrefu wa mnyama, kama ule wa paja, una ncha mbili na shina katikati. Ncha ni laini kwa ndani, zimejaa mafuta, na ndizo fisi anazozitafuna kwanza hadi zikaisha. Shina ni gumu na halina mafuta ya kumvutia fisi mara uboho wake ukishatolewa, kwa hiyo hudumu. Lakini ni ncha, si shina, zinazomwezesha mtaalamu kutambua kwa haraka kwamba kipande hiki ni cha paja na kile ni cha mguu wa chini. Orodha zinazotegemea ncha peke yake kwa hiyo huhesabu pungufu mifupa yenye nyama nyingi, yaani paja na mkono wa juu, na kuacha ionekane kana kwamba kwato na miguu ya chini ndiyo iliyojaa. Ni bahati kwamba Mary Leakey hakutupa vipande vya shina visivyotambulika, kama ilivyokuwa desturi ya wafukuaji wengi wa zama zake. Vilihifadhiwa Nairobi pamoja na mkusanyo mwingine, vikisubiri mtu mwenye subira ya kuviunganisha.

Mtu huyo alikuwa Henry Bunn. Mwaka 1981, katika toleo moja la jarida la Nature, ripoti mbili zilitoka kwa pamoja, moja ya Bunn na nyingine ya Richard Potts na Pat Shipman, zote zikionyesha kwamba baadhi ya mifupa ya Olduvai ina alama za kukatwa kwa makali ya mawe. Kutoka hapo ukaribu wa zana na mifupa haukuwa tena hoja pekee. Mkono wa zamadamu ulikuwa umeandikwa juu ya mfupa.

Inasaidia kueleza alama hizo zinasomwaje. Mtafiti huchukua kipande cha shina la mfupa, akakiweka chini ya lenzi inayokuza mara 10 au zaidi, na kuelekeza mwanga mkali kutoka ubavuni ili kila mfereji utupe kivuli. Alama ya mkato wa jiwe ni nyembamba, imenyooka, umbo lake kwa ndani ni kama herufi V, na kwenye kuta zake huonekana michirizi midogo sambamba iliyoachwa na mikwaruzo ya makali yasiyo laini. Jino la simba au fisi huacha shimo au mfereji mpana wenye umbo la herufi U, ambao ndani yake hauna michirizi hiyo. Jiwe la kugongea, linalotumiwa kupasua mfupa ili kupata uboho, huacha shimo lenye kundi la mikwaruzo midogo ndani yake au pembeni yake. Alama hii ilielezwa rasmi mwaka 1988 na Robert Blumenschine na Marie Selvaggio, na kabla ya hapo ilikuwa rahisi kuidhania kuwa jino. Kuna pia michubuko inayotokana na wanyama kukanyaga mifupa juu ya mchanga, ambayo ni mifupi, haina mpangilio na hukatana ovyo. Mtu asiyejua kuitenganisha na mikato anaweza kuunda historia nzima kutokana na kwato za nyumbu.

Kwa hiyo kufikia katikati ya miaka ya 1980 jambo moja lilikuwa wazi: zamadamu walikata nyama na kuvunja mifupa katika FLK Zinj. Kilichobaki kikawa kigumu zaidi, nacho ni mpangilio wa waliofika. Mifupa ileile ina mikato ya mawe na pia ina alama za meno. Je, zamadamu walipata mnyama mzima kisha fisi wakaja kutafuna makapi, au simba walikula kwanza na zamadamu wakaokota?

Blumenschine alilijibu swali hilo kwa njia ambayo bado naiona kuwa mfano bora wa kazi ya aina hii. Badala ya kukaa na mifupa ya kale peke yake, alikwenda Serengeti na Ngorongoro kutazama mizoga inavyoliwa. Aliona kwamba kuna utaratibu usiobadilika sana: nyama ya mapaja na viungo vya ndani huondoka mapema, nyama ya sehemu za mbele hufuata, na uboho na ubongo hubaki hadi mwisho. Aliona pia kwamba simba, ambaye meno yake hayakuumbwa kuvunja mifupa mikubwa, mara nyingi huacha uboho bila kuguswa, na kwamba katika misitu ya kando ya mito wakati wa kiangazi mabaki ya simba huweza kukaa muda mrefu kabla ya fisi kuyagundua. Hapo, alisema, palikuwa na nafasi ya riziki kwa kiumbe mwenye jiwe mkononi.

Kisha akatunga kipimo. Ikiwa wanyama walao nyama walikuwa na mfupa mzima peke yao, vipande vingi vya katikati ya shina vitakuwa na alama za meno. Ikiwa mtu alivunja mfupa kwanza na kutoa uboho, vipande vya shina havitakuwa na mvuto tena, na ni vichache tu vitakavyokuwa na meno. Alipohesabu vipande vya FLK Zinj mwaka 1995 alipata kwamba zaidi ya nusu ya vipande vya katikati ya shina vilikuwa na alama za meno, kiwango cha juu kuliko kinachotarajiwa pale zamadamu walipotangulia. Akahitimisha kuwa kulikuwa na zamu tatu: simba au paka mwingine mkubwa alikula nyama, zamadamu wakaja kuchukua uboho na mabaki machache ya nyama, na mwisho fisi wakamaliza ncha za mifupa.

Mwaka 2006 Manuel Domínguez-Rodrigo na Rebeca Barba waliurudia mkusanyo uleule na kupata hesabu tofauti kabisa. Walidai kwamba vijishimo vingi vilivyohesabiwa kuwa meno vilitokana na kuvu na bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya mimea iliyoota juu ya mifupa ikiwa ardhini. Asidi zao hula uso wa mfupa na kuacha mashimo madogo na mifereji inayofanana kwa juu juu na jino. Walipoondoa alama hizo, meno yalibaki kwenye chini ya moja ya tano ya vipande vya shina, kiwango kinacholingana na mizoga ambayo watu waliimaliza kwanza na fisi wakapata makapi. Blumenschine na wenzake walijibu mwaka uliofuata kwa kutetea utambuzi wao, na ubishi umeendelea kwa miaka mingi. Ni jambo la kustaajabisha, na pia la kutisha kidogo, kwamba swali la kama mababu zetu walikuwa wawindaji au waokotaji lilifika mahali pa kutegemea kama kijishimo chenye upana usiofika milimita moja kilichimbwa na fisi au na kuvu.

Mtu anayetazama ubishi huo kutoka nje anaweza kukata tamaa na kusema kwamba mifupa haiwezi kujibu. Sikubaliani naye. Hesabu ya meno ni ushahidi mmoja, na ushahidi mwingine upo ambao hautegemei kuvu. Wa kwanza ni mahali mikato ilipo. Simba wakishamaliza mzoga, nyama inayobaki kwenye mfupa wa paja na wa mkono wa juu ni vijiuzi vichache, na mara nyingi hukaa karibu na viungo, si katikati ya shina. Domínguez-Rodrigo alilithibitisha hilo kwa kuchunguza mizoga iliyoachwa na simba nchini Kenya. Katika FLK Zinj, mikato mingi iko palepale katikati ya shina la mifupa ya juu. Hakuna sababu ya mtu kupitisha jiwe mahali hapo tena na tena isipokuwa kuna mnofu wa kukatwa. Aliyekata alikuta nyama.

Ushahidi wa pili unatoka kwenye meno ya swala wenyewe. Umri wa mnyama alipokufa husomwa kwa jinsi meno yake yalivyoota na kulika, na mkusanyo wa umri wa wanyama wengi waliokufa mahali pamoja hueleza mbinu ya aliyewaua. Simba huua wanyama wa rika zote kwa uwiano unaokaribia ule wa kundi lililo hai, na fisi anayefukuza kundi kwa mbio ndefu huishia kuwapata zaidi wadogo, wazee na wagonjwa. Bunn na Travis Pickering mwaka 2010, na baadaye Bunn na Alia Gurtov mwaka 2014, walionyesha kwamba swala wakubwa wa FLK Zinj walikuwa hasa wanyama waliokomaa, wenye nguvu zao kamili. Mpangilio huo haufanani na kuokota mabaki ya simba, wala na kuwafukuza wanyama hadi wachoke. Unafanana na mviziaji anayemchagua mnyama kwa karibu. Kwa kuwa hakuna silaha ya kurusha inayojulikana ya zama hizo, watafiti hao walipendekeza kwamba zamadamu walivizia kwenye miti, labda juu yake, swala wakipita kwenda majini. Sehemu hiyo ya mwisho ni dhana, na inapaswa kusomwa kama dhana. Takwimu za umri hazina haja ya mti.

Nikiziweka hoja hizi pamoja, naona kwamba uzito uko upande wa wale wanaosema zamadamu wa FLK Zinj walipata mizoga mapema, ikiwa bado na nyama nyingi, angalau kwa swala wadogo na wa kati. Hilo halimaanishi kwamba hawakuwahi kuokota. Jamii ambayo ina uwezo wa kuwafukuza duma na chui kwenye mawindo yao, na inayojua kuua swala kwa kuvizia, haina sababu ya kuidharau nyama iliyolala chini bila mwenyewe. Kosa la mjadala wa zamani lilikuwa kulazimisha jina moja kwa tabia iliyobadilika kwa majira na kwa ukubwa wa mnyama.

Mfano wa jirani unaonyesha kwa nini tahadhari hii si ya bure. Takriban mita 200 kutoka hapo, katika FLK North, Mary Leakey alifukua matabaka yenye zana nyingi na mifupa mingi ya swala, na kwa kawaida yalisomwa kama FLK Zinj nyingine. Uchunguzi wa alama ulitoa jibu jingine: mikato ni michache mno, na mifupa mingi inaelekea kuletwa na paka wakubwa. Zamadamu walipita hapo na kuacha mawe kwa shughuli zao wenyewe, labda za mimea au za kuvunja vitu vigumu, na swala waliliwa na wengine kwa wakati mwingine. Mkusanyo mmoja ni jalala la zamadamu, mwingine ni jalala la paka mwitu, na kwa jicho la kawaida havina tofauti. Upande mwingine wa mizani, maeneo mapya ya PTK na DS, yaliyo kwenye uso uleule wa kale kama FLK Zinj na kufukuliwa na timu ya Domínguez-Rodrigo, Audax Mabulla na Enrique Baquedano, yametoa mifupa ya swala yenye mikato inayolingana na ile ya FLK Zinj. Kisa hiki kwa hiyo hakisimami tena juu ya eneo moja lililofukuliwa zaidi ya nusu karne iliyopita.

Mifupa hiyohiyo ndiyo inayochora mazingira. Kobus sigmoidalis, kama ndugu zake wa leo, alihitaji maji na majani mabichi ya karibu na maji. Parmularius na Antidorcas walikuwa wa nyika ya majani mafupi. Kukutana kwao mahali pamoja kunaonyesha mandhari mchanganyiko, na jiolojia inaafiki: bonde lilikuwa na ziwa lenye maji ya chumvi na magadi, ambalo halikufaa kunywewa na wengi, lakini karibu na FLK Zinj Gail Ashley na wenzake walitambua mabaki ya chemchemi ya maji baridi. Mabaki madogo ya silika kutoka kwenye mimea yanaonyesha kwamba chemchemi hiyo ilizungukwa na miti, pamoja na ile ya jamii ya michikichi. Mahali penye kivuli, maji ya kunywa na swala wanaolazimika kuja kunywa, katikati ya nyika ya wazi, panaeleza kwa sehemu kubwa kwa nini mifupa na mawe vilikusanyika hapo.

Panya wanasema zaidi kuhusu mabadiliko ya hali ya hewa kuliko swala, kwa kuwa panya hahami kwenda mbali. Jean-Jacques Jaeger katika miaka ya 1970 alionyesha kwamba, kuelekea juu ya Tabaka la Kwanza la Olduvai, panya wa maeneo yenye unyevu wanapungua na wale wa nchi kavu wanaongezeka, ishara ya ukame uliokuwa ukikaribia. Hapa pia kuna mtego. Mifupa mingi ya panya katika matabaka ya kale haikufika hapo yenyewe; ilitapikwa na bundi au kupita tumboni mwa mbweha na wanyama wengine, na kila mmoja wao anachagua mawindo yake. Yolanda Fernández-Jalvo na wenzake walipokagua mmeng'enyo kwenye mifupa hiyo mwaka 1998 waligundua kwamba sehemu ya tofauti kati ya matabaka ni tofauti ya walaji, ingawa mwelekeo wa ukame kuelekea juu ulibaki. Somo ni lilelile la swala, kwa kipimo kidogo zaidi: kabla ya kuuliza mifupa inasema nini kuhusu nchi, lazima ijulikane nani aliichagua.

Tusisahau kwamba zamadamu wenyewe wamo katika orodha ya wanyama walioliwa. Mwaka 2012 Jackson Njau, mwanasayansi wa Kitanzania, pamoja na Blumenschine walichapisha uchunguzi wa alama za meno kwenye visukuku vya zamadamu kutoka FLK Zinj na FLK NN iliyo karibu. Mguu wa OH 8 una alama za mamba, na mifupa ya mguu wa OH 35, uliotoka kwenye uso wa FLK Zinj wenyewe, nayo ina alama za walao nyama. Mamba wa Olduvai wa wakati huo walipewa mwaka 2010 jina la kisayansi Crocodylus anthropophagus, yaani mla watu. Chemchemi iliyomvuta swala kwa zamadamu ilimvuta zamadamu kwa mamba.

Swali la ni zamadamu yupi aliyeshika jiwe lilijibiwa upesi mno mwanzoni, na kwa makosa. Louis Leakey, mume wa Mary, alidhani OH 5 ndiye mtengenezaji wa zana, kwa sababu tu ndiye aliyekutwa hapo. Mwaka 1964, baada ya kupatikana kwa mabaki mengine katika makorongo ya jirani, yeye, Phillip Tobias na John Napier walitangaza jina la Homo habilis, na sifa ya zana ikahamia huko. Kemia ya meno imeongeza uzito. Kaboni iliyomo katika gamba la jino hutofautisha chakula cha miti na vichaka na chakula cha majani ya nyasi za kitropiki, na meno ya Paranthropus boisei yaliyopimwa Tanzania na Kenya yanaonyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya chakula chake ilitokana na nyasi au mimea ya jamii yake. Kiumbe wa namna hiyo angeweza kukata nyama mara mojamoja, lakini si yeye ninayemtegemea kuwa mchinjaji wa mara kwa mara.

Linabaki swali la kambi ya nyumbani. Ikiwa chui, mamba na fisi walikuwa hapo, je, kundi la zamadamu lingeweza kulala karibu na rundo la mifupa yenye damu? Potts alidhani hapana, na katika miaka ya 1980 alipendekeza kwamba mawe yalirundikwa kwa makusudi katika sehemu kadhaa za nyika, na mtu aliyepata mzoga alibeba vipande vyake hadi kwenye rundo lililo karibu, akakata na kuvunja haraka, kisha akaondoka. Mawe yanaliunga mkono wazo la kubeba, kwa kuwa sehemu yake, kama kwazaiti, aina ya jiwe gumu, ya kilima cha Naibor Soit, ilitoka kilomita chache mbali. Potts alitumia pia viwango vya kuchakaa kwa mifupa juani, ambavyo Anna Behrensmeyer alivitunga mwaka 1978 kwa kutazama mizoga ya Amboseli, na akaona kwamba mifupa ya FLK Zinj ilikusanyika kwa miaka kadhaa. Bunn na Ellen Kroll walimpinga, wakisema kwamba muda ulikuwa mfupi kuliko hapo.

Kati ya kambi na ghala la mawe, naelekea kwenye kitu kilicho katikati: mahali pa kurudiwa mara nyingi, penye miti ya kupanda na maji ya kunywa, ambapo nyama ililetwa kwa sababu palikuwa salama kidogo kuliko uwanda. Kinachonizuia kukubali rundo la mawe peke yake ni wingi wa mapaja na mikono ya juu ya swala yaliyobebwa hadi pale. Mtu mwenye njaa aliye peke yake angekula palepale alipomkuta mnyama. Kubeba minofu hadi chini ya miti kunakuwa na maana zaidi ikiwa kuna wengine wanaosubiri. Hata hivyo kugawana chakula hakuachi alama yake yenyewe juu ya mfupa, na kwa sehemu hiyo hoja ya Isaac inategemea uwezekano zaidi kuliko mkato wowote tunaoweza kuuweka chini ya lenzi.